Namna ya Kusoma Mkuki wa Meno Matatu, Hekaluni na Kwenye Ramani

Siku niliyowapeleka wanafunzi wangu wa sekondari kwenye mojawapo ya mahekalu ya Wahindu jijini Kampala, binti mmoja alisita langoni. Alikuwa ameuona mkuki wa chuma wenye meno matatu umesimikwa uani, akaninong'oneza kwamba hawezi kuingia mahali palipowekwa uma wa shetani. Sikumkemea, kwa sababu nami nililelewa na picha zile zile ambamo ibilisi huchorwa ameshika kitu cha namna hiyo. Lakini pia sikuwa na jibu la kumtosha, na aliyetusaidia ni mzee mmoja wa hekalu, ambaye alikuja akaketi nasi kwenye ngazi na kutueleza bila haraka, kama babu anavyowaeleza wajukuu wake. Tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu wa kuisoma alama hii, na nimegundua kwamba utaratibu huo huo unafaa kwa majina ya mahali, kwa kuwa mkuki huu umeingia katika milima, mito na miji kama ulivyoingia katika ibada. Uliza kwanza ni nani aliyeushika, kisha uliza umesimama wapi, kisha uliza ni nani aliyetoa jina, na swali kuhusu maana ya meno hayo matatu liache liwe la mwisho. Wengi wetu huanza na hilo la mwisho, na hapo ndipo tunapopotea.

Anza na neno lenyewe

Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa chombo hiki. Waandishi wengine husema mkuki wa ncha tatu, wengine mkuki wa meno matatu, na yote mawili yanaeleweka. Mimi nimechagua meno kwa sababu itakayoonekana tutakapofika Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda. Neno chusa liepuke, maana chusa ya wavuvi wa pwani ni chombo kingine, na msomaji wa Mombasa au Unguja ataona mara moja kwamba umekosea.

Katika Kisanskriti, lugha ya maandiko ya kale ya Wahindu, chombo hiki huitwa trishula, ambapo tri ni tatu na shula ni mkuki au ncha kali. Katika Kilatini huitwa tridens, ambapo tri ni tatu na dens ni jino. Kufanana kwa hiyo tri hakukutokea kwa bahati, kwa kuwa lugha hizo mbili ni za ukoo mmoja, kama vile tatu ya Kiswahili na ssatu ya Kiganda zilivyo za ukoo mmoja. Kwa hiyo ukikutana na jina la mahali linaloanza na Tri katika India, Nepali au Italia, una haki ya kushuku kwamba kuna tatu ndani yake, ila usiharakishe kuamua ni tatu ya nini. Trinidad, kisiwa ambacho Christopher Columbus alikipa jina mwaka 1498, ni Utatu Mtakatifu, na Tripoli ni miji mitatu. Hakuna mkuki katika lolote kati ya majina hayo mawili.

Kumbuka pia kwamba kabla ya kuwa kitu kitakatifu, mkuki huu ulikuwa chombo cha kazi. Anayemchoma samaki kwa ncha moja humkosa mara nyingi, kwa sababu maji hupinda mwanga na samaki haonekani mahali alipo hasa, na hata akichomwa anaweza kujipinda akachomoka. Meno matatu hupanua shabaha na kumbana asizunguke. Ndiyo maana Wagiriki, ambao walitegemea bahari kwa riziki yao, walimpa chombo hicho Poseidon, mungu wa bahari waliyemwita pia mtikisa ardhi, na Waroma wakampa Neptuno wao.

Hapa kwetu Waganda walimheshimu Mukasa, lubaale, yaani mungu, wa ziwa kubwa la Victoria ambalo wao huliita Nalubaale, na makao yake makuu yalikuwa Bubembe katika Visiwa vya Ssese. Alama ya Mukasa ni kasia. Nalitaja jambo hili mbele ya wanafunzi kila mara, kwa sababu linawaonyesha kwamba mungu wa maji halazimiki kushika mkuki. Kila jamii humkabidhi mlinzi wake wa maji chombo ambacho yenyewe hukitumia na kukiheshimu, na kwa watu wanaovuka ziwa kwa mitumbwi, kasia ndilo linalomtofautisha aliyefika salama na aliyepotea.

Hekaluni: ni nani aliyeushika?

Neno moja kabla ya kuingia. Katika mazungumzo yetu ya kila siku tunachanganya Mhindi na Mhindu, na kosa hilo huharibu maelezo yote yanayofuata. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, awe wa dini yoyote. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Miongoni mwa Wahindi wa Uganda wamo Waislamu wa Ismailia, wamo Wakatoliki wenye asili ya Goa, wamo Wajaini, na wamo Masingasinga, ambao wengine huwaita Makalasinga. Ukimwuliza Mhindi yeyote wa dukani akueleze habari za trishula, unaweza kuwa unamwuliza Mwislamu habari za dini isiyo yake. Aidha, usiifikirie alama hii kuwa ni kitu cha jana katika nchi yetu. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulioanza mwaka 1896 uliwaleta maelfu ya vibarua kutoka India, wafanyabiashara wakaja pamoja nao na baada yao, na mahekalu yakajengwa. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wataondoka, akawapa siku 90, na mahekalu yakabaki bila watu wake. Waliorudi miaka ya baadaye waliwasha tena taa zake. Mkuki unaouona uani huenda umesimama katika ardhi hii kabla hujazaliwa.

Ukifika, vua viatu mahali wengine walipoviacha, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usiguse chochote kilichowekwa mbele ya sanamu hata kama hakuna anayekutazama. Kisha simama umtazame aliyeushika mkuki. Ikiwa ana jicho la tatu katika paji la uso, mwezi mwandamo kwenye nywele na nyoka shingoni, huyo ni Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, na mara nyingi utamwona fahali aitwaye Nandi amelala mbele yake akimkabili. Ikiwa ni mwanamke mwenye mikono mingi aliyepanda simba au chui milia, huyo ni Durga, mungu wa kike, na huenda ukaona mkuki wake umemchoma Mahishasura, pepo aliyejigeuza nyati. Simulizi inasema kwamba miungu ilimshindwa pepo huyo, ikamkabidhi Durga silaha zake, na trishula ilitoka kwa Shiva. Kwa hiyo chombo ni kimoja, lakini mikononi mwa Shiva mara nyingi utakiona kimetulia wima kando yake, na mikononi mwa Durga kiko kazini. Maelezo yanayofaa kwa sanamu ya kwanza hayafai moja kwa moja kwa ya pili.

Mara nyingine hakuna aliyeushika, umesimikwa peke yake, kama tulivyoukuta siku ile. Hapo tumia macho yako kwa subira. Niliwaambia wanafunzi wasiandike neno hadi wameutazama kwa dakika tano, na hivi ndivyo walivyokuja kuuandika. Jino la katikati lilikuwa refu kuliko mengine na limenyooka. Mawili ya pembeni yalitoka kwa kupinda nje kisha yakapanda juu, kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Chini ya meno, mahali ambapo mkuki una shingo, palifungwa kwa kitambaa chekundu ngoma ndogo iliyobinywa katikati, isiyozidi urefu wa kiganja, yenye kamba mbili zilizofungwa mafundo ncha zake. Mzee aliifungua akatuonyesha: ukizungusha kifundo cha mkono huku na huko, mafundo hayo hupiga ngozi za pande zote mbili kwa zamu. Ngoma hiyo huitwa damaru, na ni ya Shiva, kwa hiyo tulijua mwenye mkuki ingawa hakuwepo. Kwenye meno palipakwa unga mwekundu, na kwenye mpini kulikuwa na mistari mitatu ya majivu iliyolala. Yule binti aliuliza kama wekundu ule ni damu. Mzee hakukasirika, alimletea kibakuli chenye unga wenyewe, kumkum, akamwambia aunuse.

Jambo moja la adabu ambalo wageni wengi hawalijui: Wahindu huzunguka mahali patakatifu wakiwa wameweka mkono wa kulia upande wa sanamu, lakini katika sehemu ya Shiva yenye jiwe liitwalo linga, mwabudu haukamilishi mzunguko. Hufika kwenye mfereji unaopitisha maji yaliyomiminwa juu ya jiwe, hugeuka, na kurudi njia aliyoijia. Ukiwa unawaongoza watu, wafuate wenyeji na simama wanaposimama.

Vitu vinavyofanana nao

Makosa mengi niliyoyasikia hayatokani na ubaya wa moyo. Mtu ameona kitu kwa mbali na kukipa jina la kitu kingine. Kinachokosewa zaidi Kampala ni alama ya Masingasinga iitwayo khanda, iliyo kwenye bendera za gurudwara, yaani nyumba zao za ibada. Kwa mbali huonekana ina ncha tatu zinazoelekea juu, lakini ukisogea utaona upanga mmoja wenye makali kuwili katikati, duara la chuma, na panga mbili zilizopinda pande zote. Hiyo si trishula, na Singasinga atakushangaa ukimwambia kuwa ni ya Shiva.

Beji ya maskauti nayo ina sehemu tatu zinazopanda juu, na hizo ni petali za ua la yungiyungi. Na alama inayopakwa kwenye paji la uso huwachanganya hata waandishi wa magazeti: wafuasi wa Shiva hupaka mistari mitatu ya majivu inayolala, ilhali wafuasi wa Vishnu, mungu mwingine mkuu wa Wahindu, hupaka mistari inayosimama, na katika baadhi ya madhehebu yao mstari mwekundu wa katikati huifanya ionekane kama mkuki mdogo wa meno matatu. Wafuasi wa Swaminarayan, dhehebu mojawapo la Kihindu, ambao ni wengi miongoni mwa Wagujarati wa Afrika Mashariki, hupaka umbo la herufi U na kuweka nukta nyekundu ndani yake. Alama hizo za kusimama hazihusiani na mkuki wa Shiva.

Kuhusu uma wa shetani, mweleze mwanafunzi kwa upole kwamba huo umetoka katika michoro ya Wakristo wa Ulaya. Biblia haimtaji shetani akiwa na uma wala mkuki wa meno matatu, na trishula ilikuwa ikiheshimiwa India muda mrefu kabla ya wachoraji hao kuzaliwa.

Mimi huongeza mfano wa nyumbani. Nembo ya Uganda ina ngao, mikuki miwili na ngoma. Trishula nayo ni mkuki wenye ngoma. Mtu anayependa kuunganisha mambo ataanza kutunga undugu kati ya hivyo viwili, na undugu huo haupo. Ngoma yetu katika nembo ni wito wa watu kukusanyika, na mikuki yetu ni utayari wa kuilinda nchi. Mwanafunzi akilielewa hili kwa nembo ya nchi yake mwenyewe, hatamtwisha Mhindu maana ambayo Mhindu hakuisema.

Sasa ndipo uulize maana ya tatu

Hapa utapokea majibu mengi, na yote yaandike. Mhindu mmoja atakuambia kwamba meno matatu ni kuumba, kudumisha na kuvunja. Mwingine atasema ni wakati uliopita, uliopo na ujao. Aliyesoma falsafa atataja guna tatu, yaani sifa tatu ambazo kila kiumbe kimefumwa kwazo: satva, ambayo ni nuru na utulivu, rajasi, ambayo ni mwendo na hamu, na tamasi, ambayo ni uzito na giza. Mwenye kufanya yoga atakueleza njia tatu za pumzi ya uhai mwilini, ida kushoto, pingala kulia na sushumna katikati, na atakuonyesha kwamba jino la katikati ndilo refu. Hakuna haja ya kuamua ni nani kati yao amesema kweli, kwa kuwa hawapingani. Kila mmoja anakusomea kutoka mlango alioingilia. Unachopaswa kukiepuka ni kuleta tatu yako. Nimewasikia waelezaji wenye nia njema wakisema trishula ni Utatu wa Wahindu, wakidhani wanamrahisishia Mkristo, na kumbe wamemfungia mlango wa kuelewa, kwa sababu sasa anapima kila kitu kwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu.

Maana hubadilika pia alama inapohamishwa. Barbados ilipopata uhuru tarehe 30 Novemba 1966, iliweka kwenye bendera yake kichwa cha mkuki wa Neptuno ambao mpini wake umekatika, na kukatika huko ni kuachana na ukoloni. Ukraine inautumia mkuki wa meno matatu kama nembo ya taifa, nao unatokana na alama ya mtawala Volodymyr, aliyeigonga kwenye sarafu zake zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Hayo ni ya kutaja tu na kupita.

Kwenye ramani: jina limetoka katika umbo, katika simulizi, au katika sikio?

Majina ya mahali yanayohusishwa na mkuki huu hayajazaliwa kwa njia moja. Kabla ya kueleza jina lolote, lichunguze kwa kulinganisha ramani na simulizi, uone lipi limelizaa jina.

Trisul, mlima ulio katika jimbo la Uttarakhand kaskazini mwa India, ni mfano wa jina lililotoka katika umbo. Fungua ramani yenye mistari ya kontua na utaona vilele vitatu kwenye mgongo mmoja: mita 7,120, mita 6,690 na mita 6,007. Ukiutazama kutoka mji mdogo wa Kausani unaona kwa nini wenyeji waliuita mkuki wa Shiva. Mwaka 1907 Tom Longstaff alifika kwenye kilele kirefu pamoja na ndugu wawili wa Kiitalia, Alexis na Henri Brocherel, na Karbir, askari wa Kigurkha kutoka Nepali, na hicho kikawa kilele cha kwanza cha zaidi ya mita 7,000 ambacho kupandwa kwake kunajulikana kwa hakika. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1906, Duki wa Abruzzi wa Italia alifika kileleni mwa Rwenzori yetu, mita 5,109, akakiita Margherita kwa heshima ya malkia wa nchi yake. Waweke wanafunzi wayalinganishe mambo haya mawili. Wapandaji wa Trisul waliukuta mlima una jina na wakaliacha. Kilele chetu kimechapishwa katika ramani za dunia kwa jina la mwanamke ambaye hakuwahi kukiona, ilhali Wakonzo wanaoishi chini yake wana majina yao na wana Kitasamba, mwenye kukaa kwenye theluji. Ndiyo maana ninasisitiza swali la nani aliyetoa jina.

Trishuli, mto wa Nepali, ni kinyume chake. Hata ukiitazama ramani kutwa nzima, hutaona meno matatu katika mto huo, kwa sababu jina lake limetoka katika simulizi. Miungu na mapepo walipoisukasuka bahari ili kupata maji ya uzima, sumu ndiyo iliyotangulia kutoka, na Shiva akainywa ili viumbe visiangamie; koo lake likageuka buluu, na joto la sumu likamwunguza. Akakimbilia milimani, akauchoma mwamba kwa mkuki wake, na chemchemi tatu zikatoka kwa meno matatu. Mahali hapo ni ziwa la Gosaikunda, lililo mita 4,380 juu ya usawa wa bahari, ambako mahujaji hupanda kila mwaka mnamo Agosti, na maji yake hushuka hadi kwenye Trishuli. Kwa jina kama hili, ramani bila simulizi haikuambii kitu. Lieleze kwa kuanzia ziwani.

Kashi, yaani mji wa Varanasi huko India, haina mkuki katika jina lake kabisa, lakini Wahindu husema mji huo umekaa juu ya ncha za trishula ya Shiva, umeinuliwa kutoka ardhini, na kwamba dunia itakapoangamia wenyewe utasalia. Uwanda wa mto Ganga ni tambarare, kwa hiyo anayetafuta mlima wenye umbo la mkuki hatauona. Hapa mkuki uko katika imani ya watu tu, na hilo linatosha kuuandika.

Chalkidiki ya Ugiriki ina umbo bila jina. Rasi yake inaingia baharini kwa vidole vitatu, Kassandra, Sithonia na Athos, na watu hupenda kuifananisha na mkuki wa Poseidon. Huo ni mfano uliotungwa na macho ya watazama ramani, na uueleze hivyo hivyo. Kidole cha tatu ndicho chenye Mlima Athos, wa mita 2,033, ambao Waorthodoksi, wakiwemo wa Namungoona hapa Kampala, huuita Mlima Mtakatifu kwa sababu ya watawa wake.

Halafu kuna Trento, mji wa kaskazini mwa Italia, ambao Waroma waliuita Tridentum. Katika uwanja ulio mbele ya kanisa kuu la mji kuna chemchemi yenye sanamu ya Neptuno ameinua mkuki wake, na wenyeji wengine hulieleza jina kwa mungu huyo, wengine kwa vilima vitatu vinavyouzunguka mji kama meno, na wapo wanaolihusisha na lugha ya Kikelti iliyosemwa huko kabla ya Waroma. Chemchemi ilijengwa karne nyingi baada ya jina kuwepo, kwa hiyo haiwezi kuwa chanzo chake. Jina ndilo lililoileta. Angalia sana kosa hili unapowaongoza watu, kwa kuwa mnara au sanamu iliyo uwanjani huonekana kama ushahidi na kumbe ni mtoto wa jina. Kwa Wakatoliki wa Uganda, Trento si mbali. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulikaa kuanzia mwaka 1545 hadi 1563, na Misa ya Kilatini iliyopangwa baada yake ikaitwa ya Kitridentino. Hiyo ndiyo Misa aliyoisoma padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, baada ya kufika Buganda mwaka 1879, na ndiyo waliyoisikia wafiadini wetu Wakatoliki kabla ya mwaka 1886. Jina lenye meno matatu lilikuwa kwenye Misa zetu miaka mingi bila yeyote kuliona.

Jaribu utaratibu huu Kisoro

Anayetaka kufanya mazoezi asiende India. Aende Kisoro, alfajiri, kabla mawingu hayajafunika milima, asimame mahali penye uwazi na kutazama kusini. Kushoto ataona Muhavura, wa mita 4,127, uliochongoka kama pia iliyogeuzwa. Katikati Mgahinga, ulio mfupi. Na kulia Sabyinyo, wenye mgongo uliokatikakatika. Yote mitatu iko katika mbuga ya taifa ya Mgahinga, na kila mmoja umepata jina kwa njia yake. Muhavura hufasiriwa kuwa ni kiongozi wa njia, kwa kuwa huonekana kutoka mbali na msafiri hujielekeza kwao. Mgahinga ni rundo la mawe, kama yale ambayo wakulima wa huko huyakusanya wanaposafisha mashamba yao yenye mawe ya volkano. Sabyinyo ni meno ya mzee.

Hapo ndipo nilipolipata neno meno kwa ajili ya mkuki. Waroma waliona meno katika chombo cha mvuvi, na Wafumbira, wenyeji wa Kisoro, waliona meno katika mlima, yaliyolika kwa umri na kuachana nafasi. Anayeupanda Sabyinyo kutoka upande wa Uganda hupita vilele vitatu kimoja baada ya kingine, kwa ngazi za miti mahali penye mwinuko mkali, na kwenye kilele cha tatu mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo hukutana. Ni rahisi mno kuuita mkuki wa meno matatu wa nchi tatu, na nimesikia mwongoza watalii akiwaeleza wageni wake hivyo hivyo. Usimfuate. Mipaka ile ilichorwa na wakoloni, Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji, wakati mlima ulikwisha kuwa na meno na jina. Tatu ya mipaka na meno ya mzee ni mambo mawili yaliyokutana mahali pamoja.

Katika daftari, mwambie mwanafunzi aandike kwa mpangilio huu: jina kama wenyeji wanavyolitamka, lugha ya jina, ambayo hapa ni Kifumbira, tafsiri yake kwa maneno ya mzee aliyeitoa, si kwa maneno ya kipeperushi cha watalii, umbo alilolishuhudia mwenyewe, pamoja na mahali aliposimama na saa aliyotazama, na mwisho simulizi, ikiwa amesimuliwa. Mzee huyo amsalimie kwanza, amwulize habari za nyumbani na za mashamba, na asitoe kalamu kabla ya kuruhusiwa. Meno ayahesabu kwa macho yake akiwa hapo hapo. Yakiwa manne, au matano, kwa sababu ya upande aliosimama, aandike manne au matano.